Redio ya Baharini si Mali ya Wenye Starehe Peke Yao

Ndugu wananchi, najua swali litakaloulizwa kwanza hapa Chimwaga. Mtu wa nchi kame kama hii yetu, ambaye maji mengi kwake ni bwawa la Hombolo au la Mtera, anatafuta nini katika habari za redio za baharini? Mwenzangu mmoja wa tawi aliniambia waziwazi kwamba ingekuwa heri niandike habari za zabibu na bei yake. Zabibu nitaziandika, Mungu akipenda. Leo nina neno juu ya bahari, na nina sababu mbili za kulisema nikiwa Dodoma.

Ya kwanza ni dagaa. Nenda soko la Majengo asubuhi yo yote ukatazame mafungu ya dagaa. Wale wa Kigoma wametoka katika ziwa ambalo ni la nchi nne, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na aliyewavua alikesha na taa yake mahali ambapo mpaka hauonekani kwa macho. Tunawala na ugali wetu, wala hatuulizi kama aliyewavua alirudi nyumbani salama. Sababu ya pili ni sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, inayotumika Bara na Visiwani, na ambayo ndiyo inayosema nani atumie mawimbi ya redio na kwa leseni gani, ni kazi ya Bunge. Bunge linakaa hapa. Mvuvi wa Pemba hawezi kuja kila kikao kusimama mlangoni. Sisi tunapita mlango huo tukienda kununua chumvi.

Sasa nieleze jambo lenyewe lilivyonifikia.

Mwaka jana nilikuwa Tanga kwa kazi ya Chama. Katika ghuba palikuwa na mashua moja nyeupe ya matanga, mashua ya starehe, imetia nanga. Wenyewe walikuwa mzee mmoja wa Kimarekani na mkewe, wanaoizunguka dunia polepole kama watu wasiodaiwa na mtu. Mwalimu mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu alikuwa amefahamiana nao, akanipeleka. Walitukaribisha vizuri, wakatupa chai. Nikaona redio juu ya kiti cha nahodha, nikauliza, na mzee akatoa bahasha ya karatasi kama mtu atoaye hati ya shamba.

Alinieleza hivi. Kwao Marekani, tangu mwaka 1996, mwenye mashua ndogo ya starehe hadaiwi leseni kwa ajili ya redio ya VHF, maadamu anatembea katika maji ya nchi yake. Lakini siku atakapoelekea bandari ya nchi ngeni, hata iwe Bahama hapo jirani, lazima awe na hati mbili. Moja ni leseni ya chombo, yenye herufi za kuitia. Ya pili ni kibali cha mtu mwenyewe anayezungumza redioni. Yeye alikuwa nazo zote mbili, zimefunikwa kwa nailoni zisiingie maji. Akasema zimemfaa katika bandari nyingi, kwa sababu ofisa akiziona hamwulizi tena.

Kanuni hiyo si ya Marekani peke yake. Ni ya dunia nzima, imo katika Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, na sisi tumo. Kifungu cha 18 kinasema kwamba mtu binafsi hataweka wala kutumia chombo cha kurushia mawimbi bila leseni iliyotolewa na serikali ya nchi ambayo chombo hicho kiko chini yake. Na ukifika katika maji ya nchi nyingine, wakubwa wa nchi hiyo wana haki ya kukwambia uionyeshe. Usipokuwa nayo, wana haki ya kuingia na kuikagua redio yako.

Mimi sina ugomvi na kanuni hii. Nchi huru hutawala hewa yake kama inavyotawala ardhi yake. Tena ndani ya leseni hiyo mna heshima ambayo wengi hatuijui. Kila chombo chenye redio ya siku hizi hupewa namba ya tarakimu tisa, na tatu za mwanzo ni za nchi: 674 au 677 ni Tanzania, 634 ni Kenya, 675 ni Uganda, 676 ni Kongo. Nahodha akibonyeza kile kifungo chekundu cha hatari, kabla hajafungua kinywa chake redio imekwisha kutaja chombo ni cha taifa gani. Hiyo ni bendera isiyoloa maji.

Basi nikajiuliza: ni Watanzania wangapi wenye bendera hiyo? Siku mbili baadaye nikapata jawabu la sehemu moja tu, lakini lilinitosha.

Nilikwenda Moa, katika wilaya ya Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Pale nilikaa na mzee mmoja nahodha, mwenye mashua yenye mashine ya kufunga nyuma, anayefuata jodari na nguru kama babu zake walivyofuata. Nikamweleza habari za yule Mmarekani na redio yake. Akacheka.

"Mwalimu, mimi nami nilikuwa na redio. Ndogo, ya mkononi. Mpwa wangu aliniletea kutoka Mombasa."

"Iko wapi, mzee wangu?"

"Ilichukuliwa. Tulikuwa mpakani, doria ikatusimamisha. Wakatazama karatasi za chombo, wakaridhika. Kisha mmoja akaiona redio, akauliza karatasi yake iko wapi. Nikamwambia, bwana mkubwa, redio nayo ina karatasi? Wakaichukua. Sikuiona tena."

Doria ilikuwa ya nchi gani hakusema, wala mimi sikumwuliza. Naogopa jawabu lingekuwa lile lile kila upande wa mpaka.

Msimu wa kusi uliofuata mashine yake ilizima. Walikuwa watu wanne. Alikuwa na simu ya mkononi, akampigia ndugu yake mara moja, na ndugu akatoka mbio kutafuta mashua ya kuwafuata. Lakini mkondo ulikuwa unawapeleka kaskazini, na kabla ya magharibi simu ikapoteza mtandao. Ndugu alikwenda mahali walipokuwa wakati wa kupiga simu. Wao hawakuwapo tena. Usiku wa kwanza meli kubwa ilipita karibu nao hata wakasikia mashine zake. Wakawasha tochi, wakapunga shati. Meli ikaenda zake. Waliokotwa siku ya tatu na jahazi lililokuwa likipanda Mombasa. Wote wazima, ila mtoto wa dada yake hajatia mguu chomboni tangu siku ile.

Ndugu msomaji, nitazame meli ile kidogo, kwa maana ndani yake ndimo lilimo jambo langu. Meli ya namna hiyo haisafiri kiziwi. Lazima katika chumba cha nahodha iwepo redio, na desturi ya bahari ni kusikiliza chaneli ya 16 usiku na mchana. Chaneli hiyo ni ya hatari na ya kuitana, na ni hiyo hiyo dunia nzima. Redio ya mkononi ya wati tano haifiki mbali, ni maili chache tu kutoka mashua hadi mashua, kwa sababu mawimbi yake huenda moja kwa moja kama jicho linavyoona. Lakini meli iliyokuwa karibu hata mashine zake zikasikika, hiyo ingefikiwa na redio iliyo dhaifu kuliko zote. Watu wanne walikuwa umbali wa neno moja na wokovu, na neno hilo lilikuwa limechukuliwa kwa kukosa karatasi.

Wako watakaosema kwamba simu ya mkononi yatosha. Haitoshi. Simu humfikia mtu mmoja, tena ambaye yuko nyumbani, na inahitaji mnara wa kampuni. Redio ya VHF humfikia kila mwenye redio aliye karibu, asiyekujua wala wewe humjui, na haihitaji mnara wa mtu. Mwenye shida baharini hana haja na ndugu yake aliye kitandani. Ana haja na jirani yake aliye majini.

Sasa tazameni jinsi sheria za dunia zilivyompita mvuvi huyu kushoto na kulia. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, mataifa makubwa yaliona haya, yakaanza kuandika mkataba wa usalama wa maisha ya watu baharini. Mkataba huo umeandikwa upya mara kadhaa, na leo unazilazimisha meli zote za abiria na meli za mizigo za tani 300 na zaidi, zinazokwenda nchi za nje, kuwa na redio za hatari. Mashua ya Moa haina tani 300. Kwa hiyo mkataba haumlazimishi mwenyewe kuwa na redio, wala haumlazimishi mtu kumpa. Lakini akijinyima akainunua kwa fedha yake, hapo sheria inamkumbuka mara moja, inamdai leseni. Anapozama hahesabiwi. Akijiokoa, ana makosa.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1906 wakubwa wa Ulaya na wengine walikutana Berlin, mji ule ule ambao mwaka 1884 na 1885 walikaa kuigawa Afrika. Safari hii waligawana hewa. Kampuni ya Marconi ilikuwa na desturi ya kukataa kupokea habari za meli zenye mitambo isiyokuwa yake, hata ingawa wote wapo bahari moja. Mkutano ukasema vituo vya pwani vipokee habari za meli zote bila kuuliza mtambo ni wa nani. Ukakubali pia ishara ya SOS, na ukaamuru kwamba redio ya chombo iwe na leseni ya serikali ambayo bendera yake chombo kinaipeperusha. Ni maneno mazuri, siyakatai. Ila mwaka ule ule katika kusini ya nchi yetu moto wa Maji Maji ulikuwa unawaka, na aliyekuwa na bendera ya kupeperusha katika pwani yetu alikuwa Mdachi. Babu zetu hawakuulizwa.

Na wenye nguvu walijua vyema thamani ya simu ya upepo, kama wazee walivyoiita. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari ya Kiingereza Astraea ilifika Dar es Salaam tarehe 8 Agosti, na shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Mwezi Juni mwaka 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaishambulia Bukoba, wakakiharibu kituo cha simu ya upepo kilichokuwako huko. Walijua kwamba asiyeweza kuita hawezi kusaidiwa.

Sasa sikilizeni jambo la kuchekesha, kama si la kuliza. Uingereza hiyo hiyo, iliyotukamua kodi ya kichwa, leo humpa mwenye mashua ya starehe leseni ya redio ya chombo bila malipo akiiomba kwa mtandao. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Wamepiga hesabu wakaona kwamba kumtafuta mtu asiyejulikana, katika chombo kisichojulikana, ni gharama kubwa kuliko ada ya karatasi. Kila leseni ni jina katika daftari: chombo hiki, rangi hii, mwenyewe huyu, simu ya nyumbani kwake hii. Siku namba yake ikilia, mwokoaji anajua anamtafuta nani. Je, nchi changa isiyo na helikopta za kuchezea haihitaji daftari hilo zaidi kuliko wao?

Nitaulizwa: hutaki sheria? Naitaka sana. Nimewasikia wakubwa wakisema kwamba wavuvi wakipewa redio watapiga soga juu ya chaneli ya hatari, wataulizana bei ya pweza na nani kaoa, na mwenye shida hatasikika. Hoja hii ni ya kweli nusu. Mtu ye yote asiyefundishwa hufanya hivyo, awe mvuvi au tajiri katika mashua nyeupe. Ndiyo maana kanuni za dunia zinataka mtu naye awe na cheti, si chombo tu. Dawa yake ni kufundisha. Mafunzo yenyewe si ya miaka. Kuita katika chaneli ya 16 kisha kuhamia chaneli nyingine. Kusema neno la hatari, Mayday, mara tatu. Kutaja jina la chombo, mahali kilipo, na watu wangapi. Kunyamaza mwingine anapokuwa na shida. Mtu aliyeweza kujifunza nyota za kusafiria na majina ya pepo zote atashindwa na hayo? Na mtihani wake uwe kwa Kiswahili, tena kwa mdomo kwa asiyesoma. Katika mkondo wa Pemba, kutoka Moa mpaka Shimoni, neno Mayday likishasemwa, maneno yanayofuata yatafahamika vizuri zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa lugha nyingine yo yote.

Wako pia wanaosema redio itawasaidia wa magendo. Mfanya magendo ana simu tatu na mashine mbili kubwa. Hakungojea leseni yetu.

Basi tunataka nini? Kwanza, leseni ya redio kwa mashua ndogo ya uvuvi au ya kuchukua abiria wachache iwe bure, au iwe kwa ada ambayo mvuvi aweza kuilipa kwa samaki wa asubuhi moja. Pili, itolewe dikoni. Mtu wa Moa asiambiwe aende Dar es Salaam kutafuta karatasi ya redio, alale kwa watu, arudi bila karatasi na bila nauli. Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ndiyo yenye mawimbi, na wale wanaoandikisha vyombo, yaani TASAC kwa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, wakae meza moja. Karatasi ya chombo na karatasi ya redio zitolewe siku moja na mkono mmoja. Mafunzo yatolewe na chuo cha uvuvi cha Mbegani na wenzake, lakini walimu ndio wasafiri, si wavuvi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna jambo la majirani. Tanzania na Kenya zilikubaliana juu ya mpaka wao wa baharini mwaka 1976, lakini samaki hakutia sahihi. Wavuvi wa Pemba wamekwenda dago katika pwani ya Kenya tangu zamani, wengine wakazaa na kuzeeka huko bila karatasi ya nchi yo yote, mpaka mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba wa Kenya kuwa jamii ya nchi hiyo. Ilichukua miaka mingi sana kwa karatasi hiyo kuwafikia. Leseni ya redio isichukue miaka hiyo. Mzee yule wa Kimarekani leseni yake inaheshimiwa Tanga, Mombasa na Zanzibar, ingawa ilitolewa upande wa pili wa dunia. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki haziwezi kushindwa kuandikiana kwamba cheti cha redio cha mvuvi, kilichotolewa kwa Kiswahili katika diko la nchi mojawapo, ni halali katika maji ya nchi zote, baharini na katika maziwa. Na mpaka hapo litakapoandikwa hilo, askari wa doria akikuta redio isiyo na karatasi katika mashua ndogo, aandike jina na tarehe, ampe mwenyewe muda wa kuleta leseni, na redio aiache chomboni. Afadhali redio bila leseni kuliko maiti yenye faini.

Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichofunguliwa mwaka 2006 kwa ajili ya nchi kadhaa za eneo hili, na yetu imo. Kwa hiyo masikio yapo. Wenye meli kubwa wana redio, wenye mashua nyeupe wana redio. Aliye mwingi kuliko wote katika maji yale ndiye bubu.

Tawi letu la Chimwaga lilikutana juu ya jambo hili, na hata yule ndugu wa zabibu alinyosha mkono. Tumekubaliana kumpelekea mbunge swali moja la kuuliza, nalo ni hili: mwenye mashua ya futi ishirini akitaka leseni ya redio, aende wapi, alipe kiasi gani, na angojee siku ngapi? Ndugu wa matawi ya Mkinga, Pangani, Mafia, Pemba na Kigoma, tunawaomba mhesabu katika madiko yenu: ni vyombo vingapi vina redio, na vingapi kati ya hivyo vina leseni. Leteni hesabu kwa Mhariri kabla ya kikao kijacho cha Bunge, na kama hesabu ni sifuri, andikeni sifuri.